Upanga wa Sponji ya Kochi

Mimi ni fundi makochi, na kazi yangu hairudi. Nasema hivyo bila haya kwa sababu Kasulu nzima inajua. Ukinunua kochi kwangu utalikalia wewe, watalikalia wakwe zako, na siku mkigombana mtagombania nani abaki nalo. Baba, aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana na kuishia kushona magodoro ya watu, ndiye aliyenifundisha. Aliniachia mkasi, sindano ndefu na kanuni moja: mteja akija, mwambie abonyeze. Ngumi ikizama mpaka kwenye mbao, anaibiwa. Ngumi ikirudishwa juu, hapo ameuziwa kitu. Kwa hiyo tangu utoto nimeamini kwamba sponji nzuri ni sponji ngumu, na imani hiyo nusura imfukuze mtu mjini.

Mtu mwenyewe alikuwa mpangaji wangu, muuguzi aliyehamishiwa kituo chetu cha afya kutoka Mbeya. Alikuwa akinisaidia kuanika nguo, mama yangu akimwita mjukuu, mimi akiniita dada. Lakini nje ya ua wetu alikuwa mpweke. Sokoni watu wakianza Kiha chao, yeye alibaki amesimama na kikapu, akitabasamu kwa adabu, akisubiri wamalize. Siku moja tu katika wiki ndiyo ilikuwa yake, nayo ni Jumamosi, siku ya mchezo wa panga.

Mchezo ule uliletwa na mwalimu wa historia, mtu wa Morogoro, aliyeuona kwenye simu: watu wazima, wenye kazi zao, wamevaa kama askari wa kale na wanapigana kwa panga laini bila kuumizana. Akakusanya watu. Walikuwemo mafundi gereji wawili, wanakwaya kadhaa, muuza dawa mmoja, dereva wa lori anayepeleka mzigo Manyovu, na muuguzi wetu. Mwalimu akatunga hadithi ya nchi mbili za zamani. Sisi wa Kasulu tukawa Watu wa Chumvi, kwa kuwa Uvinza na mashimo yake ya chumvi iko upande wetu. Wenzetu wa Kibondo, ambao walianza kundi lao baada ya kutuona, wakawa Watu wa Asali, kwa mizinga iliyojaa misitu yao, na hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Kila mtu alipewa nafasi yake. Dereva, kwa tumbo lake na sauti yake, akawa Mwami, yaani mfalme wetu. Muuguzi akawa jemadari wa walinzi, na laiti ungemwona! Yule dada mpole wa kikapu alikuwa anaruka kama ana mori.

Sheria zilikuwa chache. Kichwani hapapigwi. Ukipigwa mkono, unauficha nyuma na kuendelea na uliobaki. Ukipigwa kifua au mgongo umekufa, na hapo wewe mwenyewe unapaza sauti, "Nimepatwa!" kisha unapiga goti. Hakuna refa wala kipenga. Aliyepigwa ndiye anayesema kwamba amepigwa, na mchezo mzima umesimama juu ya hilo.

Mwanzoni walipigana kwa vijiti vya muhogo, wakarudi makwao na alama. Ndipo mwalimu akaja kwenye banda langu kuniuliza kama naweza kutengeneza upanga usioumiza. Nilimcheka. Mtu anayeweza kuvalisha kochi la watu watatu anashindwaje na kijiti?

Nikachukua paipu ya plastiki, zile za kupitishia nyaya za umeme, nikaikata urefu wa mkono na nusu. Nikaizungushia vipande vya sponji kwa gundi. Nchani nikaweka raba ya ndala kuukuu ili paipu isitoboe. Juu nikavalisha ngozi bandia ya kijivu, mshono umefichwa, na kwenye mpini nikakaza tyubu ya baiskeli isiteleze mkononi. Zilipendeza mpaka wapita njia walisimama. Na sponji, ndugu zangu, sikubana. Nilitumia ile ya kukalia, nzito, bora kuliko zote zilizokuwa bandani, nikaipaka gundi mara mbili ili isije ikabanduka wakasema fundi mbovu ni yule mama.

Mwalimu alipokuja kuzichukua nilimwambia abonyeze. Akabonyeza kwa ngumi, ngumi ikarudi. "Hii kazi," akasema. Akaja Mwami, akabonyeza. Wakaja wanakwaya, wakabonyeza mmoja mmoja, kila mmoja akitikisa kichwa kwa kuridhika. Watu zaidi ya kumi walizipima panga zile kama wanaonunua viti, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpiga mwenzake. Wakanipa heshima ya kuwa mhunzi wa Mwami, nami nikaenda nyumbani kichwa kimevimba.

Jumamosi ya kwanza ya panga mpya ilikuwa mwezi wa saba, na anayejua Kasulu anajua asubuhi za mwezi huo. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani, mikono yetu imekakamaa. Tulikuwa tunafanya mazoezi, walinzi wakimshambulia Mwami wao kwa hadithi ya uasi. Muuguzi akapenya kutoka upande, akampiga Mwami kwenye kifundo cha mkono, pigo safi la mchezo. Mwami akapiga ukelele, akaanguka chini akijishika mkono. Tukacheka, tukapiga makofi, kwa sababu yule bwana alikuwa na sifa ya kufa kwa madoido. Ilichukua muda kugundua kwamba halikuwa igizo.

Kifundo kilivimba tukiwa tunakitazama. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyepiga magoti, akakipapasa, akasema mfupa ni mzima, akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Lakini mtu aliyevimba mkono hawezi kubadili gia, na lori lilikuwa na mzigo. Dereva akakasirika. Na hapo likaibuka jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: miezi michache kabla, dereva alimposa muuguzi, na muuguzi akakataa.

"Huyu amenipiga kwa hasira," dereva akasema mbele ya wote. "Ana lake jambo."

"Kaka, nimepiga kama tunavyopiga siku zote," muuguzi akajibu.

Mwalimu akaokota upanga, akanigeukia. "Fundi, yawezekana ni upanga wenyewe?"

Wote wakanitazama. Nakumbuka nilivyojisikia, na sitalipamba: sikumfikiria muuguzi hata kidogo. Nilifikiria banda langu, na oda ya makochi ya mkuu mmoja wa idara, na baba yangu. Nikajibu kwa sauti ile ninayouzia makochi.

"Upanga wangu hauna kasoro. Ulizeni mkono ulioushika."

Basi, ikaisha. Mwalimu alimwomba muuguzi apumzike kidogo mpaka mambo yatulie, na wote tulielewa maana ya kupumzika. Wiki iliyofuata maneno yakafika sokoni, yakaongezwa na kunogeshwa. Kisha yakafika kituo cha afya. Mama mmoja aliyempeleka mtoto chanjo akakataa katakata. Akasema hataki yule nesi mwenye mkono mzito, anayepiga wanaume, amchome mwanawe. Wengine wakamfuata. Muuguzi akawa anakaa chumba cha sindano peke yake, wagonjwa wakimsubiri mwenzake.

Siku moja tukiwa kwenye kamba ya nguo, akibana sare zake nyeupe, aliniambia bila kunitazama. "Dada, naandika barua ya kuomba uhamisho. Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu naipeleka. Hapa sina mtu."

Nilitakiwa kusema kitu. Nikasema jua ni kali leo, nguo zitakauka upesi.

Aliyenifungua macho ni mama yangu, ambaye ana miaka sabini na kitu na anatembea kwa kushika kuta. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake sebuleni, na ule upanga uliomuumiza dereva ulikuwa nyuma ya mlango, nilikoutupia. Akaniuliza mbona nesi analia chumbani. Nikamweleza yote, jinsi kila mtu alivyoubonyeza upanga na jinsi mkono wa nesi ulivyozidi kipimo.

"Lete huo upanga," akasema.

Nikampa. Akaupima uzito, akaugeuzageuza, kisha bila hata kuinuka kwenye kochi akanichapa nao muundi wa mguu wa kushoto.

"Mama weee!" Nikaruka, nikashika mguu, machozi yakanitoka.

"Umva," akasema. Kwetu ukiambiwa hivyo, unafunga mdomo na kusikiliza. "Nimekupiga kwa hasira?"

"Hapana, mama."

"Mkono wangu una nguvu?"

"Hapana."

"Ulinichumbia nikakukataa?"

Nikaendelea kuusugua muundi. "Haya, mwana wanje, mwanangu wewe," akasema, akauegemeza upanga ukutani taratibu. "Kumbe hata bibi kizee ana mkono mzito."

Nikauchukua bandani nikaupasua kwa mkasi wa baba. Ile gundi niliyopaka mara mbili ilikuwa imenywewa na sponji yote ikawa gamba, na kwenye baridi gamba lile lilikuwa linagonga kama ubao. Ukibonyeza taratibu kwa ngumi, inakubali na kukurudisha. Ukipiga kwa haraka, haina habari na wewe. Nilikuwa nimewatengenezea watu kiti cha kupigania. Miaka yote ile ya kubonyeza, na sikujua kwamba upanga unataka kinyume chake, unataka sponji ambayo mimi huwacheka mafundi wenzangu kwa kuitumia.

Nilianza upya. Nikatumia ile sponji nyepesi ya kujazia mito, ambayo kwa miaka nimekuwa nikiwaambia wateja ni takataka. Gundi nikaitia kwenye kingo tu, kwa vidole. Nikashona ngozi ikiwa imelegea kidogo ili sponji ipumue. Na kila upanga uliokamilika nilijipiga nao mwenyewe asubuhi na mapema, kabla jua halijatoka, pajani kwanza, halafu shavuni, kwa nguvu. Kama umeniuma, unapasuliwa. Mpaka sasa ndivyo ninavyofanya, na hakuna upanga unaotoka bandani kwangu ambao haujanipiga.

Nilitengeneza za kutosha pande zote mbili, na zilikuwa nzuri kupita maelezo. Nikampelekea mwalimu nikamwambia, "Nimeboresha." Akazijaribu, akafurahi, akanisifu mbele ya watu. Nikapokea sifa. Nilijidanganya kwamba panga mpya zitanyamazisha maneno zenyewe, mdogo mdogo, bila mimi kufungua mdomo. Ule wa zamani niliukaza tena kwa tepu nikautia kwenye gunia la vifaa, kwa kisingizio kwamba mpini wake ungefaa kama akiba.

Pambano na Watu wa Asali lilipangwa Murungu, upande wa Kibondo, Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumatatu ya barua. Tulikwenda kwa lori la dereva, mkono wake umeshapona. Mwalimu alimwomba muuguzi aje na sanduku la huduma ya kwanza, maana bila muuguzi diwani asingeturuhusu kutumia uwanja. Akakubali, kwa sababu ni mtu wa kazi. Safari nzima alikaa nyuma kwenye kona ya bodi, sanduku mapajani, na watu wakaacha nafasi kati yake na wao.

Watu wa Asali walituvutia. Walijifunga vitambaa vya njano vichwani, vifuani wamevaa viroba vilivyoshonwa kama ngao, na Mwami wao alibebwa kwenye machela. Watu wa Murungu waliacha mashamba wakaja kuzunguka uwanja. Ngoma ikapigwa. Siku hiyo, kwa kuwa tulikuwa pungufu bila jemadari wetu, mhunzi niliruhusiwa kupigana.

Sikujua kama naweza kufurahi kiasi kile. Mimi ni mwanamke mnene mwenye miaka arobaini na mbili, na nilikimbia! Nilimpiga muuza duka wa Kibondo kifuani, akasema "Nimepatwa" na kupiga goti huku akicheka. Nikampiga wa pili. Panga zangu zililia puf, puf, kila upande, watu wanakufa na hakuna anayelia. Nilijivunia kila mlio. Mwishowe tukabaki wachache, mimi upande wetu na dada mmoja mwembamba upande wao, na wawili watatu wanaohangaika mbali.

Nilimpoteza kidogo katika vumbi. Ndipo nikasikia mgongoni mguso, mwepesi kama wa mtu anayekupita kwenye benchi kanisani. Nilijua ni nini. Mimi ndiye niliyekata ile sponji. Nilikuwa nimekufa, na hakuna aliyeona, kwa sababu Mwami wao alikuwa anaanguka upande wa pili na macho yote yalikuwa huko. Sikusema neno. Niligeuka nikampiga yule dada kifuani. Akanitazama kwa mshangao, lakini hakunishtaki. "Nimepatwa," akasema, akapiga goti.

Tukashinda. Wanakwaya wakaninyanyua, au walijaribu. "Mhunzi! Mhunzi!" Mimi upanga juu. Na juu ya vichwa vyao nikamwona muuguzi, ameketi kwenye sanduku lake pembeni ya uwanja, upande ule ule ulikokuwa mgongo wangu. Alikuwa ameona. Nilisubiri anyooshe kidole. Hakunyoosha, na wala hakushangaa. Aliinamisha macho akaanza kufunga sanduku, kama mtu aliyeona kitu alichokizoea kwangu. Hilo liliniuma kuliko muundi.

Nikawaambia waniteremshe.

"Nyamazeni," nikasema, na kwa sauti yangu, watu hunyamaza. "Huyu dada aliniua kabla sijamuua. Alinipiga mgongoni, nikanyamaza. Ushindi ni wao." Watu wa Asali wakaanza kupiga kelele, nikainua mkono. "Bado. Mwami, ule mkono wako haukuvunjwa na hasira ya mtu. Uliumizwa na upanga wangu. Nilitumia sponji ya kochi nikajaza gundi, na nilipoulizwa, nikamsingizia mtu. Nimejua muda mrefu na nimekaa kimya. Nesi alipiga vizuri."

Dereva alikuwa anakitazama kifundo chake. Kisha akatembea mpaka kwenye gunia langu, akapekua, akautoa ule upanga wa zamani wenye tepu. Nikadhani atanivunjia kichwani. Akampelekea muuguzi.

"Dada, nisamehe," akamwambia. "Wewe unajua pa kumpiga mtu bila kumvunja. Mpige fundi."

Muuguzi akasimama. Akaubonyeza upanga kwa ngumi, jinsi nilivyomfundisha siku aliponunua kiti chake. "Ni sponji ile ile ya kiti kilichoko chumbani kwangu," akasema.

"Ndiyo. Ile ile."

"Mguu upi, dada?"

"Wa kulia. Wa kushoto mama ameshaumaliza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinipiga pajani pigo moja, safi, na nyota zote nikaziona mchana ule.

"Nimepatwa!" nikapiga kelele, na goti likashuka lenyewe.

Njiani kurudi alikaa karibu nami kwenye bodi ya lori. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nikamwambia niliogopa kwa ajili ya jina langu. "Na langu?" akauliza. Nikamwambia hilo sikuliwaza hata kidogo. Akafungua sanduku, akanipaka dawa ya kuchua pale palipouma. Habari ya barua sikuthubutu kuiuliza.

Jumatatu, kituo cha afya kilipofunguliwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye benchi. Fundi wa misumari anahitaji sindano ya pepopunda, na nilikuwa nimeahirisha miaka. Nikasema wazi namtaka yule nesi, si mwingine. Benchi lilikuwa limejaa kina mama, pamoja na yule wa chanjo, na mlango wa chumba cha sindano uko wazi daima kwa ajili ya hewa. Nikaingia. Bahasha ilikuwa mezani kwake, imeshafungwa. Nikapandisha mkono wa gauni, nikageuzia uso mlangoni ili wote wanione, nikafumba macho.

Nikasikia pamba, baridi ya spiriti. Basi nikaita kwa sauti yangu ya kuuzia makochi, "Jamani, mkono mwepesi huu! Sijasikia kitu kabisa!"

Pamba ikasimama. Kisha sauti yake, inayotetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia tangu mwezi wa saba.

"Dada," akasema, "bado sijachoma."

Benchi zima likaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka akaegemea meza. Kisha akachoma, nami nikasema kweli, kwamba imeuma kidogo. Yule mama wa chanjo akafuta machozi ya kucheka, akamweka mtoto vizuri begani, na akasogea nafasi ya pili kwenye foleni ya nesi wetu.